Jibu kwa msomaji: Mchezo wa pool unaomlipa anayejihami

Msomaji ameniandikia hivi: "Mimi na mwenzangu hucheza pool karibu kila jioni. Yeye ana jicho la kulenga. Mimi nguvu yangu ni kumfichia mpira mweupe, yaani kumtega: nauacha mahali ambapo hawezi kuupiga mpira wake moja kwa moja. Katika mchezo wa namba 8 (kila mtu na mipira yake saba, kisha wa 8) naweza kumtega hata mara nne, lakini nikiteleza mara moja tu anafagia meza na ushindi ni wake. Nataka tubuni mchezo wetu wenyewe ambao kujihami kunalipa. Nimefikiria kwamba mtu akitangaza pigo la kujihami na likafanikiwa apewe pointi moja, na kwamba asiruhusiwe mtu kuingiza mipira miwili mfululizo. Je, nimeanza vizuri? Na tukiwa watatu itakuwaje? Mwenzangu anasema kujihami ni woga."

Tummalize huyo mwenzako kwanza. Sheria za kimataifa za namba 8 zenyewe zinakuruhusu kutangaza kwamba pigo lako linalofuata ni la kujihami. Ukishatangaza, hata ukiingiza mpira wako halali, zamu inahamia kwa mpinzani, naye analazimika kucheza kutoka pale ulipomwachia mweupe. Ruhusa hiyo ipo pia katika 14.1, aina ya pool ambamo kila mpira unaoingia ni pointi moja, na ambamo Mmarekani Willie Mosconi aliingiza mipira 526 bila kukosa mwaka 1954. Watunga sheria wa mchezo wa walengaji wakubwa namna hiyo wasingeuweka mlango huo kama wangeona ni wa waoga. Mwambie hivyo, kisha tuendelee.

Katika mawazo yako mawili, la kwanza nalikataa na la pili nalikubali nusu.

Kumlipa mtu kwa kutangaza kwamba anajihami ni kulipa nia. Nani ataamua kwamba pigo "limefanikiwa"? Utasema mpinzani hakuingiza mpira. Labda hakutaka kuingiza. Labda naye alikuwa anakutega. Utasema mweupe ulikuwa umefichwa kabisa. Hapo mtainama wote wawili, jicho moja limefumbwa, mkibishana kama ukingo wa mpira unaonekana au hauonekani, na mchezo utageuka kesi. Kinachostahili kulipwa ni tukio ambalo kila mtu aliyesimama kando ya meza ameliona: mpinzani ameshindwa kuugusa kwanza mpira aliotakiwa kuugusa. Hiyo ni faulo, na faulo haihitaji kutangazwa na mtu. Ukitega vizuri, faulo zitakuja zenyewe. Ukitega vibaya, hukustahili kitu.

Kabla ya kwenda kwenye bei ya faulo, angalia kwa makini michezo iliyopo inamlipa mtegaji kwa sarafu gani. Naona hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yako, ingawa hukukitaja.

Chukua namba 9, mchezo ambao anayeingiza mpira wa 9 kihalali ndiye mshindi. Lazima uguse kwanza mpira wenye namba ya chini kabisa mezani. Ukishindwa, mpinzani anauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka. Ukifanya faulo tatu mfululizo umepoteza gemu. Zamani haikuwa hivyo. Mchezaji aliyefichiwa aliweza kuusukuma mweupe kwenda mahali pengine bila adhabu, na mpinzani akachagua nani apige kutoka hapo, kwa hiyo mtego ulikuwa na faida ndogo. Leo ruhusa ya kusukuma imebaki kwa pigo moja tu, lile linalofuata baada ya kuvunja, yaani pigo la kwanza la kutawanya mipira. Kwa maneno mengine, namba 9 ya leo inaupa mtego uzito mkubwa kuliko namba 9 ya zamani, na mtu angedhani huo ndio mchezo unaokufaa.

Haukufai. Mtego ukifanikiwa katika namba 9, malipo yako ni ruhusa ya kushambulia. Unaweka mweupe unapotaka, kisha ni juu yako kuimaliza meza. Mwenzako akikutega mara moja, kwa jicho lake anaondoka na gemu. Wewe ukimtega mara moja, unaingiza mipira miwili, unakosa wa tatu, unamrudishia meza ikiwa na vizuizi vichache kuliko mwanzo. Mtego ni uleule, thamani yake mara mbili au tatu zaidi mikononi mwa mlengaji. Ukibuni mchezo mpya na kubaki na kanuni ya mweupe mkononi, utakuwa umemtajirisha yeye.

Snuka, ndugu wa pool mwenye mipira myekundu na ya rangi, inalipa kwa namna nyingine. Faulo inampa mpinzani pointi, zisizopungua 4 na zisizozidi 7, na kwa kawaida mweupe unachezwa kutoka pale uliposimama. Ndiyo maana mchezaji wa snuka aliyeachwa nyuma kiasi kwamba mipira iliyobaki mezani haitoshi kumfikisha bado anaweza kuendelea: atatega, atategemea faulo, na pointi zitamjia bila kuingiza mpira wowote. Hiyo ndiyo sarafu unayoitafuta. Mtego umelipwa kwa pointi, na pointi hazijali jicho la anayezipokea.

Kuna njia ya tatu, nayo ni mchezo wa shimo moja. Kila mchezaji anamiliki shimo moja kati ya mashimo mawili ya pembe yaliyo upande wa kupangia mipira. Mipira ni 15, wa kwanza kufikisha 8 katika shimo lake ameshinda, na faulo inakupunguzia mpira mmoja unaorudishwa mezani. Mtego kama mtego hauna malipo hata kidogo. Lakini kwa kuwa kila mpira ulio karibu na shimo lako ni tishio kwa mwenzako, pigo moja linaweza kujihami na kushambulia kwa pamoja: unausogeza mpira kuelekea kwako na kuuacha mweupe mahali ambapo hawezi kuufuata. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa namba 9 mwaka 1999, anahesabiwa pia miongoni mwa mabingwa wakubwa kabisa wa mchezo huu. Chezeni shimo moja kwanza. Inawezekana mkaridhika mkaacha kubuni. Kasoro yake kwako ni kwamba mlengaji hodari akipata mwanya mmoja anaweza kuingiza yote manane kwa zamu moja, na anayeanza hujikuta anahitaji kujua kugongesha mipira kwenye kingo kabla hajaonja utamu wowote.

Haya, tubuni.

Jambo la kwanza ni idadi ya mipira ambayo mpinzani anaruhusiwa kuigusa kwanza. Katika namba 8 mwenzako ana mipira saba halali. Kumficha asione hata mmoja kati ya saba ni kazi ngumu, na ndiyo sababu mitego yako minne haikumuumiza. Pengine alitoka kila mara kwa kugusa mpira wa karibu. Mpira halali ukiwa mmoja tu, kila pigo ni nafasi ya mtego. Kwa hiyo mchezo wako ufuate namba, kuanzia 1 kwenda juu. Hilo nisingelijadili zaidi.

Jambo la pili ni vizuizi, na hapa namba 9 ina ugonjwa ambao lazima uutibu. Kadiri mipira inavyoingia, ndivyo meza inavyobaki tupu, na mtegaji ananyang'anywa zana zake wakati gemu linafika penye uamuzi. Mbaki na mipira miwili mezani, utaficha nyuma ya nini? Dawa yangu ni mipira isiyo ya mtu: mipira yenye mistari inayokaa mezani tangu mwanzo hadi mwisho, isiyohesabiwa pointi, isiyoruhusiwa kuguswa kwanza. Ninaiita walinzi. Mlinzi akitumbukia shimoni anarudishwa mezani. Baada ya mweupe kugusa mpira halali, mlinzi anaweza kusukumwa popote, na katika kuwasogeza walinzi kuna ufundi mwingi kuliko unavyodhani.

Wangapi? Hesabu ya pembe itasaidia. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57 na kidogo. Mweupe ukiwa umegusana na mlinzi, mlinzi huyo mmoja anaziba nusu nzima ya njia zote, nyuzi 180. Ukiacha kati yao nafasi ya mpira mmoja, anaziba nyuzi 60. Mweupe ukiwa sentimita 57 kutoka kwa mlinzi, yaani vipenyo kumi kutoka kitovu hadi kitovu, anaziba nyuzi 11 na ushee tu. Angalia tofauti hiyo. Wachezaji wengi hutega kwa kuangalia mpira halali uko wapi, wakasahau kwamba kinachoamua ni mweupe umelala karibu kiasi gani na kizuizi. Mlinzi mmoja uliyemsogelea ana thamani kuliko watatu walio katikati ya meza. Hiyo ina maana pia kwamba huhitaji walinzi wengi. Wakizidi, mtego unatokea wenyewe bila ufundi, na utalipwa kwa bahati. Watatu wanatosha kwa meza kubwa ya futi 9, ambayo uwanja wake wa kuchezea ni sentimita 254 kwa 127. Kwenye meza ya futi 7, yenye sentimita 198 kwa 99, mipira ileile imebanana kwenye eneo dogo zaidi, kwa hiyo anzeni na wawili.

Sasa bei ya faulo. Wabunifu wengi wa michezo ya nyumbani huweka namba iliyowapendeza tu, kisha mchezo unakufa wiki ya pili bila wao kujua kwa nini. Tufanye hesabu, kwa makadirio unayoweza kuyabadilisha baadaye ukishaujua uwezo wenu.

Tuseme mpira mmoja una pointi 1, na zamu moja ina kikomo cha mipira miwili. Ukiingiza wa kwanza, una nafasi ya nusu kwa nusu ya kuingiza wa pili. Kwa hiyo kufanikiwa pigo la kwanza kuna thamani ya pointi 1.5 kwa wastani. Ukikosa, unamwachia mpinzani meza wazi yenye thamani hiyohiyo kwake. Upande wa pili, pigo lako la kujihami linamsababishia faulo mara tatu katika kumi, na mara saba zilizobaki anatoka salama, hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Swali: mpira uwe na uhakika kiasi gani ndipo iwe busara kuupiga badala ya kujihami?

Faulo ikiwa na pointi 1, kujihami kuna wastani wa 0.3, na inalipa kushambulia kila mpira ambao uhakika wako unazidi asilimia 60. Faulo ikiwa na pointi 2, kizingiti kinapanda hadi asilimia 70. Faulo ikiwa na pointi 4 kama kima cha chini cha snuka, kizingiti ni asilimia 90, na hapo hakuna mtu mwenye akili atakayepiga mpira wowote ila ule uliokaa mdomoni mwa shimo. Snuka yenyewe inaibeba bei hiyo kwa sababu mpira mwekundu wenye pointi 1 unafungua mlango wa mpira wa rangi wenye hadi 7, na zamu moja inaweza kufika 147. Ukichukua faulo ya snuka ukaipandikiza kwenye mchezo wa mipira saba yenye pointi mojamoja, mtapata wanaume wawili wanaosogezeana mpira hadi taa zizimwe. Wapenzi wa soka wanaita kupaki basi, lakini basi angalau lina dakika tisini.

Nakushauri pointi 2. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini wazo lako la kukataza mipira miwili mfululizo nalikubali nusu tu. Zamu ikiwa na mpira mmoja, kizingiti kwa faulo ya pointi 2 kinaruka hadi asilimia 80, na zaidi ya hapo unaua ufundi mzima wa kuupanga mweupe kwa ajili ya pigo linalofuata. Mwenzako atachoka, na mchezo wa watu wawili aliochoka mmoja hauna maisha. Mpe mipira miwili. Kisha mlazimishe kitu kimoja: baada ya wa pili, apige pigo la tatu la kukabidhi meza, ambalo haliwezi kumpa pointi. Sasa hata mlengaji, anapoingiza mpira wa pili, anatafuta mahali pa kuuacha mweupe ili amtege mpinzani. Shambulizi lenyewe limegeuka maandalizi ya ulinzi, na kila zamu nzuri inaishia kwa pigo la kujihami. Kama ungeniuliza nini hasa kipya katika mchezo huu, ningekutajia hilo.

Kuna mlango mmoja wa nyuma ambao lazima uufunge mapema: faulo ya makusudi. Mchezaji aliyebanwa atajiambia, pointi 2 si kitu, naugusa mweupe taratibu na kuuficha nyuma ya mlinzi, tuone wewe utafanyaje. Katika shimo moja silaha hii hutumika kila siku, na kinachoizuia ni adhabu ya faulo tatu mfululizo. Snuka ya mashindano ina mwamuzi anayeweza kuamuru mipira irudishwe ilipokuwa na pigo lirudiwe. Nyinyi hamna mwamuzi, na hakuna mtu anayekumbuka kila mpira ulikuwa wapi. Chukueni nusu ya dawa hiyo: baada ya faulo, aliyepewa pointi anachagua kama acheze yeye kutoka pale mweupe uliposimama, au amrudishe mkosaji apige tena kutoka hapo hapo. Aliyejifichia mweupe anabanwa na mtego wake mwenyewe. Kumrudisha kuwe mara moja tu kwa mtego mmoja. Akifanya faulo tena anatozwa pointi 2 nyingine, kisha mpinzani ana hiari ya kuuweka mweupe nyuma ya mstari wa kuvunjia na kucheza. Bila kikomo hicho, mtego mmoja wa bahati ungeweza kutoa pointi nyingi kuliko mipira yote mezani.

Kanuni ya ukingo isiachwe. Baada ya mweupe kugusa mpira halali, lazima mpira wowote uguse ukingo wa meza au uingie shimoni, la sivyo ni faulo. Inaonekana kama jambo dogo. Iondoe uone: kila mtu atakuwa anausogelea mpira kwa pigo la kubembeleza, imegusana, zamu yako bwana. Snuka haina kanuni hii, lakini ina meza ya futi 12 na mwamuzi anayeweza kupendekeza mipira ipangwe upya mambo yakikwama.

Kwa hiyo mchezo unakaa hivi. Mipira kumi kwenye pembetatu, kama katika namba 10: namba 1 hadi 7 ndiyo ya pointi, na mitatu yenye mistari ndiyo walinzi. Namba 1 inakaa mbele kwenye alama ya kupangia, walinzi wawili kwenye pembe za nyuma na mmoja katikati, mingine popote. (Mkitumia walinzi wawili, waacheni pembeni, pengo la katikati lijazwe na namba yoyote na mstari wa nyuma uwe na mipira mitatu.) Anayevunja agonge namba 1 kwanza na mipira isiyopungua mitatu iguse kingo. Mpira unaoingia wakati wa kuvunja unarudishwa na zamu inahama, pointi hakuna. Nimeiweka makusudi namna hiyo. Kuvunja kwa nguvu kunampa mtu zawadi ambayo hakuifanyia kazi, na mchezo wa ulinzi unapaswa kuanza kiulinzi: utaona baada ya muda mfupi kwamba anayevunja vizuri anaukwangua mpira wa mbele kwa pembeni na kuurudisha mweupe nyuma kabisa, karibu na ukingo alioanzia.

Baada ya hapo kila mtu anagusa kwanza namba ya chini iliyopo. Mpira unaohesabiwa ni ule uliotajwa pamoja na shimo lake. Usiotajwa ukiingia unarudi kwenye alama na zamu inahama. Msilegeze hapa. Mtu aliyetegwa akipiga kwa nguvu huku amefumba macho, mpira ukazunguka meza na kuangukia shimo lolote, mkimpa pointi mtakuwa mmemlipa kwa kushindwa. Akitaja shimo, akagongesha ukingoni na ukaingia alipotaja, mvulieni kofia na mwandikieni pointi yake.

Faulo zote ni pointi 2 kwa mpinzani: kugusa mlinzi au namba nyingine kwanza, kukosa kabisa, kukosa ukingo, mweupe kuingia shimoni, mpira kuruka nje. Mweupe ukiingia au kuruka nje, mpinzani anauweka nyuma ya mstari wa kuvunjia na anaruhusiwa kupiga upande wowote.

Gemu linaisha namba 7 ikiingia kihalali, na mwenye pointi nyingi ameshinda. Wakilingana, namba 7 inarudishwa kwenye alama, mweupe nyuma ya mstari, wanapiga kura nani aanze, na tukio la kwanza, mpira au faulo, linaamua. Angalia kanuni hii inavyofanya kazi mwishoni. Aliye nyuma kwa pointi 3 huku namba 7 peke yake imebaki hawezi kuiingiza. Akiingiza amejimaliza mwenyewe. Inabidi atege. Aliye mbele naye anataka kuiingiza haraka, na mezani bado wapo walinzi watatu. Katika namba 9 dakika hizo za mwisho mtegaji hana pa kujificha. Hapa ndipo anapokuwa na nguvu kuliko wakati wowote.

Muda usiupuuze. Michezo inayolipa ulinzi ina tabia ya kurefuka. Mwaka 1983, katika mashindano ya dunia ya snuka kule Sheffield, Cliff Thorburn alimshinda Terry Griffiths 13 kwa 12 katika pambano lililoisha saa 9:51 usiku. Kwa mashabiki lilikuwa tukio la kukumbukwa. Kwenu, wenye kazi asubuhi, ni balaa. Namba 8 ya kimataifa ina utaratibu wake: mwamuzi akiona mchezo hauendi mbele, kila mchezaji anapewa zamu tatu, na hali isipobadilika gemu linaanza upya. Kuanza upya sikupendi kwa mchezo wenye pointi zilizokwisha kupatikana. Fanyeni hivi: zamu tatu za kila mmoja zikipita bila mpira wala faulo, namba ya chini inahamishiwa kwenye alama ya kupangia na mchezo unaendelea.

Halafu uupime, na upimaji wake uwe kwa daftari. Hisia zitakudanganya, kwa sababu mtegaji humkumbuka kila aliyemnasa. Kwa kila gemu andika pointi zilizotokana na mipira na zilizotokana na faulo, mbavu kwa mbavu. Unachotaka ni faulo zichangie kati ya theluthi na nusu ya pointi zote. Zikiwa chini ya theluthi, mwenzako bado anashinda kwa jicho lake. Usikimbilie kupandisha bei, ongeza mlinzi mmoja kwanza, maana ukipandisha bei unawaogopesha wote wawili kushambulia. Zikizidi nusu, toa mlinzi. Bei ya pointi 2 iguse mwisho kabisa. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimeleta nini.

Kosa ambalo naliona kwa wabunifu ni kuongeza kanuni kila wanapopata tatizo. Mkijikuta mnahitaji karatasi ukutani, futeni. Kanuni mtu azielewe ndani ya muda wa kupaka chaki.

Mkiwa watatu, mambo yanalegea na lazima ujue kwa nini. Ukimtega anayefuata, wa tatu ananufaika bila jasho: mtegwa akitoka vibaya, meza wazi inamwangukia yeye, na wewe uliyefanya kazi umekaa. Kwa hiyo pointi 2 za faulo ziende kwa aliyecheza kabla tu ya mkosaji, hata kama siyo yeye anayecheza baadaye, na haki ya kumrudisha mkosaji apige tena iwe ya huyohuyo. Asipoitumia, anayefuata kwa zamu anacheza. Kikomo cha mipira miwili kibaki. Mpangilio wa zamu ubadilishwe kila gemu, kwa sababu anayekaa baada ya mchezaji dhaifu anapokea meza nzuri usiku kucha, na anayekaa kabla yake anavuna faulo zake zote. Hata hivyo ulinzi wa watatu hautakuwa na makali ya ulinzi wa wawili. Kama mnaweza, wawili wacheze na wa tatu ashike daftari, kisha mbadilishane.